Maswali ya Wafugaji: Futi ya Fundi na Uzani wa Kuku Chotara

Barua tatu za safari hii, mbili za upande wa Malindi na moja ya Lamu, zinauliza jambo moja kwa njia tatu, nalo ni namna ya kukisia uzani wa kuku chotara kwa kuwapima maungo kwa futi ya fundi cherehani badala ya kuwaweka kwenye mizani. Nazijibu kwa mfuatano, na msomaji wa barua ya kwanza namwomba asome mpaka ya tatu, kwa kuwa fumbo lake moja limefunguliwa huko.

SWALI: Mwalimu, salamu nyingi kutoka Muyeye. Nina kuku chotara hamsini na kitu, uzao wa majogoo wa Sasso, wale kuku wa aina ya kigeni, na mitetea wa kienyeji wa hapa kwetu. Mnunuzi wangu, ambaye hupeleka kuku kwenye hoteli za ufuoni, huwachukua kwa kilo na wala hanunui kwa kichwa. Mizani sina, kwa hiyo kila anapokuja hupima kwa mizani yake, nami nimesimama kando natazama. Mpwa wangu alinitolea kwenye simu hesabu ya kukisia uzani kwa mzingo wa kifua na urefu wa mwili. Mtetea wangu mkubwa kuliko wote ana kifua cha sentimita 32 na urefu wa sentimita 42 kutoka mdomoni hadi mkiani, na hesabu hiyo ilimpa takriban kilo 4, jambo ambalo hata kuku mwenyewe angelisikia angelicheka. Juzi niliazima mizani ya dukani nikapima mitetea sita. Mwenye kifua cha sentimita 26 alikuwa na gramu 1,350. Wa 27 gramu 1,450. Wa 28 gramu 1,650. Wa 30 gramu 1,900. Wa 31 gramu 2,150. Na huyo wa 32 gramu 2,300. Je, ninaweza kupata hesabu yangu mwenyewe kutokana na hawa sita? Na je, kifua chatosha, au kuna kiungo kingine kilicho bora?
*Mfugaji wa Muyeye, Malindi*

JIBU: Ndugu yangu, hesabu unayo tayari ndani ya orodha hiyo, imebaki kuitoa tu. Chukua karatasi na kalamu.

Jumlisha vifua vyote sita upate 174, ugawanye kwa 6, na wastani wake ni sentimita 29. Fanya vivyo hivyo kwa uzani, na wastani ni gramu 1,800. Sasa mtazame kila kuku amepishana kiasi gani na wastani huo, kwa kifua na kwa uzani, kisha uzidishe tofauti hizo mbili. Yule wa 26 amepungukiwa na sentimita 3 na gramu 450, na 3 mara 450 ni 1,350. Wa 27 amepungukiwa na 2 na 350, ni 700. Wa 28 amepungukiwa na 1 na 150, ni 150. Wa 30 amezidi kwa 1 na 100, ni 100. Wa 31 amezidi kwa 2 na 350, ni 700. Na wa 32 amezidi kwa 3 na 500, ni 1,500. Jumla yake ni 4,500. Kama angelikuwapo kuku aliyezidi kwa kifua lakini akapungua kwa uzani, au kinyume chake, zao lake lingetolewa badala ya kujumlishwa. Baada ya hapo zichukue zile tofauti za sentimita peke yake, kila moja uizidishe kwa yenyewe, yaani 9, 4, 1, 1, 4 na 9, ambazo jumla yake ni 28. Gawanya 4,500 kwa 28, utapata kama 161.

Basi hesabu yako ni hii: kifua cha sentimita 29 ni gramu 1,800, kila sentimita inayozidi hapo unaongeza gramu 161, na kila inayopungua unatoa gramu 161. Nimeijaribu kwa kuku wako wale wale. Aliyekosewa zaidi ni yule wa sentimita 30, ambaye hesabu inampa gramu 1,961 ilhali mizani ilimpa 1,900, na waliobaki wote wamekosewa kwa gramu 33 au chini ya hapo.

Hata hivyo usiufurahie mno usahihi huo, kwa sababu kuku hao ndio walioizaa hesabu yenyewe, na mtoto hushuhudia kwa mzazi wake daima. Hesabu hujaribiwa kwa kuku ambao hawakuhusika kuitengeneza. Ukiiazima tena ile mizani, pima kuku wasiopungua 30, uwatumie 20 kutengeneza hesabu mpya na 10 waliobaki uwawekee kando kuwa mashahidi. Tofauti utakayoiona kwa hao 10 ndiyo tofauti utakayoishi nayo siku ya mnunuzi.

Lipo jambo jingine linalowaangusha wengi. Tuseme una kifaranga aliyeanza kukua ambaye kifua chake ni sentimita 17. Hesabu yako itatoa gramu 161 mara 12, yaani 1,932, kutoka kwenye 1,800, na kifaranga huyo atapewa uzani wa gramu 132 chini ya sifuri, kuku wa kufungwa kamba asipeperuke na kusi. Hesabu haijakosea mahali. Imeulizwa habari za kuku isiowajua. Uliwapima kuku wa sentimita 26 hadi 32, nayo inafahamu kilichomo baina ya nambari hizo mbili tu. Sababu yenyewe imo kwenye orodha yako: kutoka sentimita 26 hadi 32 kifua kimeongezeka kwa asilimia 23, lakini uzani umeongezeka kwa asilimia 70. Kuku anapokua hakui kwa upana pekee, huongezeka upana, kina na urefu kwa pamoja, na uzani hufuata ujazo wa mwili mzima. Kwa hiyo uhusiano wa kifua na uzani ni mstari uliopinda, na hesabu yako ni kipande kifupi cha mstari huo tulichokinyoosha kwa ajili ya wepesi. Katika masafa mafupi kipande hicho kinafaa sana, na kwa vifaranga utatengeneza kingine.

Kuhusu kiungo kilicho bora, katika tafiti nyingi za kuku mzingo wa kifua ndio hutangulia au hukaribia kutangulia, ukifuatwa na urefu wa mwili. Sababu yake haina ajabu, kwa kuwa nyama ya kidari na sehemu kubwa ya kiwiliwili zimo humo futi inamozunguka. Unaweza kuongeza urefu wa bawa, wa paja na wa mguu, lakini utaona kwamba faida yake ni ndogo kuliko usumbufu wake, maana viungo hivyo hukua pamoja, na anayekwambia habari ya pili ni yule yule aliyekwambia ya kwanza kwa sauti nyingine. Ningekuwa na nafasi ya kupima kitu cha pili kwa kila kuku, ningepima kifua kwa mara ya pili.

Nasema hivyo kwa kujua jinsi futi inavyodanganya mikononi. Gramu 161 kwa sentimita maana yake ni kwamba futi ikivutwa nusu sentimita zaidi, kuku amepoteza gramu 80. Kwa kuku mmoja mmoja makosa ya namna hii huenda huku na huku, na ukiwa na tenga la kuku 20 yanafutana: kama kosa la kawaida kwa kuku mmoja ni gramu 60, kosa la wastani wa 20 hushuka hadi kama gramu 13. Lakini mkono wenye mazoea ya kuvuta hukosea upande mmoja siku zote, na kosa hilo halifutiki hata ukipima kuku 1,000. Tukichukulia bei ya shilingi 600 kwa kilo, gramu 80 ni shilingi 48, na kwa kuku 50 ni shilingi 2,400.

Kwa hiyo pima hivi. Wakamate kuku alfajiri kabla ya kuwafungulia, kwanza kwa sababu gizagiza huwatuliza, pili kwa sababu mfuko wa chakula ulio chini ya shingo unakuwa mtupu. Kuku aliyekwisha kula na kunywa hubeba makumi ya gramu ambayo si mwili wake, na mizani huyahesabu. Mtu mmoja amsimamishe kuku kwa miguu yake juu ya meza na kumshika kwa upole, na mwingine ainue mabawa apitishe futi chini yake, juu ya mgongo, izunguke hadi mbele penye ncha ya mfupa wa kidari. Ilaze futi chini ya manyoya ya juu, iguse mwili bila kubana. Kuku hana kiwambo cha kuvutia pumzi kama sisi, hupumua kwa kukipandisha na kukishusha kidari, kwa hiyo kumkaba kifua ni kumziba pumzi. Mwache apumue mara mbili tatu, usome, legeza, zungusha tena. Soma mara 3, uchukue wastani. Mimi mwenyewe nilipoanza nilikuwa nikisoma mara moja na kuandika, kisha jioni nikashangaa mtetea mmoja amenenepa sentimita moja na nusu tangu asubuhi, na kumbe nilikuwa nimempimia juu ya bawa.

Futi nayo ina umri. Ile ya kitambaa hurefuka kwa kuvutwa, kwa hiyo ilinganishe na rula ya mtoto wa shule kila mwezi. Na mizani ya kuazima iulize kwanza. Hewa ya chumvi ya pwani hii huila springi taratibu, nayo mizani ikazeeka bila kumwambia mwenyewe. Tundika pakiti ya unga ya kilo 2 ambayo haijafunguliwa. Ikisomeka gramu 1,900, hesabu yote utakayoitoa hapo itakuwa na ila hiyo hiyo. Pakiti hiyo hiyo unaweza kumwomba mnunuzi wako aitundike kwenye mizani yake, kwa adabu, kabla kuku wa kwanza hajapanda.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Lamu, nafuga machotara niliowapata kwa jogoo wa kuchi na mitetea wa kienyeji walioboreshwa wa KALRO Naivasha, lile shirika la utafiti wa kilimo na mifugo. Kwa kuwa kupima kifua ni tabu nikiwa peke yangu, nilichagua kupima ule mguu wenye magamba, kuanzia kwenye kifundo hadi kabla ya vidole. Walipokuwa wadogo makisio yangu yalikaribiana sana na mizani. Sasa wamefika miezi 7 na hayakai hata kidogo: wawili wenye miguu sawa wamepishana kwa nusu kilo. Isitoshe, nimeanza kupata wajukuu wao, na hao ndio hawashikiki kabisa. Kosa liko wapi?
*Kijana wa Mkomani, Lamu*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Futi yako ni nzima, ila mguu umekwisha kusema yote uliyokuwa nayo.

Mguu ni mfupa, ngozi na magamba. Kuku anapokuwa mdogo mfupa na nyama hukimbia pamoja, kwa hiyo ukiujua mmoja umeujua mwenziwe, na ndiyo maana makisio yako ya mwanzo yalikaa. Kisha kuku anapokaribia kupevuka mfupa hufunga na hauongezeki tena, ilhali nyama na mafuta huendelea kupanda na kushuka kwa kadiri ya chakula, joto, utagaji na maradhi. Hao wawili wako wana fremu moja ya dirisha, na mmoja ametiwa kioo kinene. Kwa kuku wa miezi 7 hamia kwenye kifua, na mguu uuache kwa vifaranga na kwa kazi ya kuchagua mbegu, maana humo bado una habari ya kweli kuhusu ukubwa wa umbo ambao kuku anaweza kuufikia.

Wewe una shida ya ziada, nayo ni kuchi mwenyewe. Wenyeji wa Lamu hamhitaji kuambiwa kuku huyo alivyo: mrefu wa shingo na wa miguu, kifua juu, amesimama wima kama askari wa gwaride. Mguu wa sentimita 10 kwa uzao wa kuchi haubebi mwili ule ule unaobebwa na mguu wa sentimita 10 kwa chotara wa Sasso, na ukiichukua hesabu ya mwenzako wa Muyeye ukawapimia hao wako, hata ya kifua, itakupotosha kwa sababu umbo ni jingine. Wapime wako, utengeneze yako, kwa njia ile niliyoieleza hapo juu.

Tena usichanganye mapora na matembe, yaani majogoo na mitetea wachanga, kwenye orodha moja. Jogoo huwa mzito kuliko mtetea wa rika lake, na kwa kifua kilicho sawa bado wanaweza kutofautiana, kwa kuwa huyu ana mifupa mizito na yule ana mafuta na yai ndani. Mtetea aliye karibu kutaga anabeba yai la gramu 50 au zaidi kidogo, na futi hailioni.

Kuhusu wajukuu, ulilolitazama ndilo lililotarajiwa. Chotara wa kwanza, aliyezaliwa na koo mbili zilizo mbali, hufanana sana na ndugu zake, kwa sababu kila mmoja amepokea nusu kwa baba na nusu kwa mama. Ukiwazalisha wao kwa wao, urithi huchanganywa upya kama karata: mmoja atatoka na miguu ya babu kuchi na kidari cha bibi, mwingine kinyume chake, na ile nguvu ya uchotara nayo hupungua. Hesabu iliyotengenezwa kwa wazazi haiwezi kuwabana wajukuu wa namna hiyo, na hata hesabu yao wenyewe itakuwa na makosa makubwa zaidi. Wapime wengi zaidi, wasipungue 50 kama unao. Na ukipata kishingo miongoni mwao, yaani yule asiye na manyoya shingoni, mtie alama pembeni mwa jina lake. Manyoya yake ni machache hata mwilini, kwa hiyo futi humkaa karibu zaidi na ngozi kuliko wenzake.

SWALI: Mwalimu, salaam aleikum. Zamani tulifundishwa na afisa wa mifugo kukisia uzani wa ng'ombe: mzingo wa kifua mara mzingo wa kifua mara urefu wa mwili, vyote kwa inchi, gawanya kwa 300, jibu ni ratili. Je, yafaa kwa kuku? Nina kuku chotara 36 nataka kuwapa dawa ya minyoo, na karatasi ya dawa inataka jumla ya kilo. Mtetea mmoja niliyempima kwa mizani ana kilo 1.8, kifua sentimita 29, na urefu wa kiwiliwili, kuanzia bega hadi mwisho wa mgongo, sentimita 21.
*Mama wa Gede*

JIBU: Waaleikum salaam, mamaangu. Hesabu hiyo ya ng'ombe ukiigeuza iwe ya sentimita na kilo, kigawanyo kinakuwa kama 10,840 badala ya 300. Mtetea wako basi ni 29 mara 29 mara 21, yaani 17,661, ambayo ukiigawanya kwa 10,840 unapata kilo 1.63. Imepungua kwa gramu 170 tu, nami nakiri kwamba mara ya kwanza nilipoifanya niliirudia nikidhani nimekosea. Kumbe ng'ombe na kuku, wakishatolewa shingo na miguu, wote ni pipa lililolala, na mzingo mara mzingo mara urefu ndio ukubwa wa pipa.

Siri iko kwenye urefu. Wa ng'ombe hupimwa kutoka begani hadi kwenye mfupa wa makalio, kichwa na shingo havimo. Wapimaji wengi wa kuku hupima kutoka ncha ya mdomo hadi mkiani, na kuku ana shingo ndefu. Sasa mrudieni ndugu yetu wa Muyeye: 32 mara 32 mara 42 ni 43,008, gawanya kwa 10,840, jibu ni kilo 3.97. Ndizo zile kilo 4 zake. Nashuku kwamba mpwa alipata hesabu ya ng'ombe na kumwingizia urefu wa kuku.

Wewe usikitumie kigawanyo cha ng'ombe, tafuta chako. Kwa mtetea huyo ni 17,661 gawanya kwa 1.8, yaani kama 9,810. Fanya hivyo kwa kuku 10 uliowapima kwa mizani, wa ukubwa mbalimbali, uchukue wastani wa vigawanyo vyao. Kwa kuwa hesabu hii inafuata ujazo, huvumilia tofauti za ukubwa kuliko ile ya mstari mnyoofu. Ikiwa dawa yako ni ya kutia kwenye maji ya kunywa, kinachotakiwa ni uzani wa kundi zima, kwa hiyo wapime kwa futi kuku wengine 10 unaowakamata bila kuchagua, maana mkono wa mfugaji hupenda kuwashika wale wanene, kisha wastani wao uuzidishe kwa 36. Wakitoka kilo 1.7 kila mmoja, kundi lako ni kilo 61.2. Andika tarehe ya kuwapa, na usome kwenye karatasi hiyo hiyo siku ambazo mayai na nyama haviliwi wala kuuzwa.